Maneno Madogo ya Profesa Garside

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Muhula umeanza na mvua, na mtu mpya ameanza na kiti changu. Nimefika ofisini koti linachuruzika, nikamkuta kakaa kwenye meza yangu ya dirishani, kavaa visikilizio vyangu masikioni, anatikisa mguu. Dk. Emrys Prosser, Mwelsh, ndevu nyekundu na soksi za njano. Hata hakusimama. "Ah, wewe ndiye Avis! Nimesikia sifa zako." Nimefanya kazi humu miaka kumi na tisa na Profesa Garside ananiita Bi. Hinchliffe mpaka leo. Huyu dakika ya kwanza tu, Avis!

Nikamwambia, "Hicho kiti kina mwenyewe." Akacheka, akahama. Wanaocheka upesi hivyo mimi siwaamini.

Jioni Mama kauliza yukoje. Nikamwambia ni mtu aliyekuja kutafuta kitu. "Kila aendaye kazini anatafuta kitu," akasema. "Kinaitwa mshahara."

Jumatano, 6 Oktoba

Mvua. Prosser anatia vijiko vinne vya sukari kwenye chai.

Ijumaa, 8 Oktoba

Sasa nimejua anachotafuta. Anaitaka sura ya maneno madogo.

Kitabu chetu cha sarufi ya Kiingereza, kazi ya maisha ya Profesa, kimebakiza sura hiyo moja: ndani, nje, juu, chini, kabla, baada, na ndugu zao. Wachapishaji wanaitaka kabla ya Krismasi, na Krismasi hiyohiyo Profesa anastaafu. Itakuwa ya mwisho kutoka mkononi mwake. Ofisi yetu haitungi mifano kichwani kama wavivu wa vyuo vingine. Tunawarekodi watu sokoni, baa, jikoni kwa shangazi zetu, wakizungumza bila habari, halafu siku hiyohiyo tunawaambia na kuwaomba ruhusa. Kanda zote zinakuja kwangu. Mimi ndiye ninayesikiliza na kupiga chapa kila kilichotoka mdomoni, na kikohozi pia. Ukutani, juu ya meza yangu, kuna kibao, kimeandikwa kwa mkono wa Profesa: ANDIKA KILICHOSEMWA, SI ULICHOTAKA KISEMWE. Chuo kizima kinajua kwamba Avis Hinchliffe hakosei.

Leo Prosser kasimama ubaoni. Fasili ya Profesa naweza kuisema hata usingizini: kihusishi ni neno dogo linalotangulia nomino na kuonyesha uhusiano wa nomino hiyo na neno jingine katika sentensi. Nomino isipofuata, hapo hapana kihusishi. "Paka yuko ndani ya kapu," hicho kihusishi. "Paka yuko ndani," hicho kielezi. "Alikuja kabla ya mvua," kihusishi. "Alikuja kabla mvua haijanyesha," kiunganishi. Kila neno na chumba chake, kama kabati la vyombo la mtu msafi.

"Profesa, kwa heshima zote," akaanza Prosser, na anayeanza hivyo heshima keshaiacha nyumbani. "Paka alikuwa ndani ya kapu, tukasema hiki kihusishi. Tumeondoa kapu, tunasema hiki kielezi. Paka ni yuleyule, ndani ni ileile. Kilichobadilika ni kapu tu!"

Nikasema, "Kapu si kitu kidogo."

"Haya, Avis, sikiliza. Mtu akila viazi, 'kula' ni kitenzi. Akila tu, asiseme anakula nini, bado ni kitenzi. Hatukifukuzi kwenye ukoo eti hakina viazi. Sasa haya maneno madogo yana kosa gani? Yote yawe vihusishi. Vingine vinafuatwa na nomino, vingine na sentensi nzima, vingine vinasimama peke yao, basi."

Nilimgeukia Profesa nisikie radi. Miaka mingine angemkalisha kwa saa nzima na angemchekesha mwenyewe aliyekalishwa. Leo katabasamu, kasema, "Vizuri." Akachukua kofia yake akaondoka.

Nadhani kamdharau. Simba hamfukuzi nzi.

Ijumaa, 15 Oktoba

Ukungu mpaka mchana. Profesa kaniita, kaonyesha kwa kidole: "Bi. Hinchliffe, lile faili… dirisha." Nikaliona chini ya dirisha, nikampa. Baadaye kaniambia, "Tutaongea… chai." Nikamngoja kabla ya chai na baada ya chai, hakusema kitu.

Ana jambo linamsumbua, na jambo lenyewe lina ndevu nyekundu.

Jumatano, 20 Oktoba

Kwa hasira nimemwaga maziwa. Zamu ya chai ilikuwa yangu. Nimevua kifuniko cha sufi cha birika, kile nilichofuma mimi mwenyewe mwaka aliopata Profesa nishani, na ndani yake, kati ya mshono na mshono, pana maikrofoni! Waya wake umepita nyuma ya bati la biskuti, ukaingia kabatini, na kabatini kinasa sauti kinazunguka taratibu kama mtu asiye na hatia.

Nilikivalisha birika vilevile, nikapeleka chai. Nikatazama nani ataangalia birika. Prosser kaangalia mara tatu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kiko ndani ya sufi niliyofuma kwa vidole vyangu.

Ijumaa, 22 Oktoba

Hana hata haya. Kaniletea kanda mkononi. "Avis, hii ni ya chai zetu za wiki hii. Samahani sikukwambia mapema, ilinibidi. Naomba uipige chapa kama kawaida, hasa sauti ya Profesa. Kila kitu, mpaka pale anapokwama."

"Profesa anajua?"

"Anajua."

"Na mimi? Sheria ya ofisi hii mrekodiwa anaambiwa siku ileile."

Kawa mwekundu kama ndevu zake. "Una haki. Nisamehe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Profesa. Nikamuuliza, "Unajua kwamba tunarekodiwa kwenye chai?" "Ndiyo, ndiyo," akasema. "Mwache." Alisema kama mtu aliyebanwa mlangoni. Huyo kijana ana siri gani ya mzee huyu?

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimeelewa! Nimeelewa nikiwa nimesimama kwenye foleni ya samaki na chipsi, nikasahau kuomba siki.

Prosser anataka kumhukumu Profesa kwa ulimi wa Profesa mwenyewe. Mtu yeyote akizungumza na rafiki zake anasema "ingia ndani", "panda juu", "nilikwambia kabla", pasipo nomino. Atakusanya hayo yote kutoka kinywani mwa mzee, ayapange mezani mbele ya wachapishaji, aseme: mwenye fasili mwenyewe haifuati. Na mzee kamgundua. Ndiyo maana siku hizi anayameza maneno madogo! "Lile faili… dirisha." Hampi mwenzake ushahidi hata wa punje. Loo, mzee mjanja huyu! Miaka sitini na minne, na bado anaweza kukaa kwenye chai nzima asitoe kihusishi.

Nami nimeamua kumuunga mkono. Lakini mimi nitafanya kwa njia yangu: kila neno dogo nitakalotamka karibu na birika litakuwa na nomino yake, limevaa na kufunga vifungo.

Jumatano, 27 Oktoba

Chai. Nimesema: "Sasa natoka nje ya chumba hiki, nakwenda nje ya jengo hili, nitarudi ndani ya chumba hiki baada ya dakika chache." Prosser kaniuliza kama najisikia vizuri.

Mama naye: "Paka nimemtoa nje."

"Nje ya nini, Mama?"

"Nje ya akili yako."

Ijumaa, 29 Oktoba

Mvua ya upepo, dirisha linavuja.

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kwenye kanda ya pili, Profesa anasimulia alivyopoteza mwavuli: "Niliacha… basi. Mwavuli. Niliacha basi." Ujanja umemzidi, sentensi imebaki kama uzio uliong'olewa mbao. Nikafikiri, Prosser akiipata hii atasema mzee amechoka, hafai kuandika sura. Basi nikapiga chapa: "Niliacha mwavuli ndani ya basi." Ndicho alichotaka kusema, nani asiyejua? Nikarudi nyuma, nikajaza na pengo lingine. Halafu palikuwa na "twende juu" moja, tupu, ya wazi kabisa, chakula cha Prosser. Nikaiongezea "ya ngazi".

Nilikipa kibao cha ukutani kisogo nikiyafanya hayo.

Jumapili, 31 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Saa kumi na moja giza. Mama anasema serikali imemwibia jua.

Ijumaa, 5 Novemba

Usiku wa mioto. Watoto wa mtaa mzima wamechoma sanamu yao ya yule haini wa zamani aliyetaka kulipua Bunge, na fataki zimemkimbiza paka chini ya kitanda. Nimepeleka keki ya tangawizi kwenye chai ya ofisini kama kila mwaka. Profesa kaonja, macho yakamlowa. "Keki," akasema. "Bi. Hinchliffe. Keki." Nikasubiri amalizie. Kanipigapiga mkono, akaenda zake.

Kanda ya tatu nimeijaza mapengo yote. Najua sauti yake kuliko ninavyojua yangu, sibahatishi. Prosser kapokea kurasa, kasoma, kakunja uso. "Hivi ndivyo alivyosema?"

"Umewahi kusikia nimekosea?"

"Hapana," akasema polepole. "Kila mtu kaniambia hukosei." Akaondoka anaangalia kurasa, hakubamiza mlango wala hakupiga mluzi. Amekosa alichokuwa anakiwinda. Nilikula vipande viwili vya keki peke yangu, kwa furaha.

Jumanne, 9 Novemba

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nimekwenda mjini kununua sufi, na kupitia kioo cha mgahawa wa karibu na kanisa nimemwona Prosser. Mbele yake, kakaa Connie Garside, mke wa Profesa! Vichwa vimekaribiana. Connie kashika leso. Prosser kamshika kiganja.

Mwanamke wa miaka sitini! Amevaa kofia ile ya bluu ya harusi za watu.

Nilisimama kwenye mvua mpaka muuza magazeti akaniuliza, "Mpenzi, unanunua au unaota?" Nikanunua gazeti nisilolihitaji. Kiti changu, birika langu, sura ya mzee, na sasa mke wa mzee. Huyu hakubakiza kitu.

Nilimweleza Mama kila kitu, mpaka habari ya Profesa kumeza maneno. Akaendelea kumenya viazi. "Mtu asiyemalizia sentensi," akasema, "ama ana mpenzi, ama ana ugonjwa. Na mwenye mpenzi kwa maelezo yako ni mwingine."

"Mama, huelewi mambo ya chuo."

"Sielewi. Nami nilikulea wewe, ukipewa ua unachungulia kama lina nyoka."

Alhamisi, 11 Novemba

Saa tano kamili tumesimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani. Halafu Profesa kayataja majina ya wenzake wa kikosini, kama kila mwaka, bila karatasi na bila kukwama hata kwa jina moja. Mgonjwa gani huyo, Mama?

Jumatano, 17 Novemba

Baridi. Kanda ya tano imekuwa kazi kubwa. Ukurasa mzima nimeujenga karibu upya.

Alhamisi, 18 Novemba

Connie kapiga simu ofisini. "Avis, mpenzi, anakula vizuri hapo kazini?" Nikajibu kwa baridi kwamba anakula. Akauliza, "Na wewe huoni kitu?" Nikamwambia mimi naona mengi sana, Bi. Garside. Akakata simu.

Ijumaa, 26 Novemba

Naandika hii, na sitafuta neno.

Leo Bw. Lumb wa wachapishaji kaja kusikiliza sura. Tulikaa kwenye chumba cha chai, mimi nikiandika kumbukumbu, Connie kaalikwa, kakaa pembeni na kofia yake ya bluu. Nilijiambia leo Prosser atatoa kisu.

Hakutoa. Alisema tu, "Profesa atafungua." Profesa akasimama, akalifunga koti vifungo, akasema kwa ile sauti ya zamani inayojaza ukumbi: "Kihusishi ni neno dogo linalotangulia nomino na kuonyesha uhusiano wa nomino hiyo na neno jingine katika sentensi." Kila silabi mahali pake. Nilitaka kupiga makofi. Nikamtazama Prosser kwa jicho la unaona sasa.

Bw. Lumb, mtu wa heshima asiye na nia mbaya, akasema, "Safi sana, Profesa. Tupe na mfano mmoja, kwa ajili ya sisi wajinga."

Profesa akainua kikombe. "Kikombe," akasema. Tukangoja. "Kikombe… meza."

Bw. Lumb akatabasamu. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu pia, nikisema moyoni, mzee huyu, hata hapa hawapi!

"Kikombe," akasema tena, na uso ukaanza kubadilika. Midomo yake ilitafuta. Ilifunguka kwenye neno ikalikosa, kama mtu anayepapasa swichi ya taa kwenye nyumba yake mwenyewe. Halafu akachukua kikombe akakiweka juu ya meza, taratibu. "Hivi," akasema. Akainama, magoti yakamlia, akakiweka chini ya meza, sakafuni. "Na hivi." Akakitia ndani ya mfuko wa koti lake, chai iliyobaki ikamlowesha. "Na… hivi." Akasimama mbele yetu, chai inamtiririka mguuni, ananitazama mimi. Hakumtazama Connie wala Prosser. Mimi.

Miaka kumi na tisa nimemaliza sentensi za watu kwa masikio tu. Nikafungua mdomo kumsaidia, nikaona machozi yake, na ndipo nikajua kwamba hakuwahi kuficha hata neno moja. Hayakuwepo.

Connie alikuwa keshafika kwake na leso.

Prosser kanitoa chumbani mpaka kwenye korido. Nilidhani atanipigia kelele. Alizungumza chini chini, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Avis, ni yeye aliyeniita hapa. Kiangazi. Aliona maneno madogo yanamtoroka, moja moja, akajua mwenyewe kabla ya mtu yeyote. Akasema, nirekodi kwenye chai, pale ninapojisahau, umpelekee daktari, alinganishe na kanda za zamani. Connie nimekuwa nikimwona kwa ajili hiyo tu. Nimempelekea daktari kurasa zako zote. Wiki iliyopita kaniambia, mtu huyu anazungumza vizuri kuliko mimi, mnanipotezea wakati."

Nikaziangalia soksi zake za njano.

"Mimi nilizisikia zile kanda. Nilisikia mapengo. Halafu nikasoma kurasa zako, hakuna pengo. Na chuo kizima kinasema hukosei. Nikaanza kuyashuku masikio yangu." Akafuta uso. "Uliyajaza?"

"Niliyajaza."

"Kwa nini?"

"Nilidhani unataka kumwibia sura."

Prosser akaegemea ukuta. "Sura? Hoja ile ya paka na kapu ni yake! Kaniambia fasili yake ya zamani imemkera miaka mingi, kapu lile halimwachi alale, ila hakuwa tena na maneno ya kuivunja. Alinileta niivunje kwa niaba yake. Leo alitaka kusema hivyo mwenyewe. Kilichotoka ni ile ya zamani, kwa sababu aliikariri."

Nikamuuliza kitu kimoja. Kwa nini mimi sikuambiwa? Ni mimi niliyekuwa nikivaa visikilizio. Ingekuwa rahisi.

Prosser akageuka aondoke. Nikamshika mkono wa koti. Akasema: "Alinikataza. Aliniambia hivi, wakati bado anaweza: usimwambie Bi. Hinchliffe, atanitengeneza."

Jumamosi, 27 Novemba

Nimelia mpaka Mama kaacha utani. Kanitilia chai, kakaa.

"Ulimpenda yule mzee," akasema.

"Sijui nilichompenda, Mama. Labda nilipenda kwamba hakosei."

"Basi ulimpenda mtu mwingine."

Jumapili, 28 Novemba

Prosser kafungua ofisi kwa ajili yangu. Haikuwa na moto, nilikaa na koti. Kanda zote tano, kuanzia mwanzo. Nimepiga chapa kilichosemwa. Palipo na pengo nimeacha pengo, na upana wake nimeupima kwa saa ya mkononi. Kazi hii ninaijua. Ilikuwa nyepesi kuliko ule uongo wa mwezi mzima, na imenichoma kila mstari. Kwenye kanda ya kwanza maneno yamepungua hapa na pale. Kwenye ya tano ni majina tu, na katikati yake pumzi.

Aliposema "Keki. Bi. Hinchliffe. Keki," nilisimamisha mashine. Ile siku nilijua alitaka kusema nini, au nilijidai kujua. Leo nimesikia kwamba alijaribu mara nne, kwa kunong'ona, nami kwenye kurasa zangu nilikuwa nimempa hotuba nzuri ya shukrani.

Prosser alisubiri siku nzima kwenye meza ya pili. Alasiri kaniletea chai, kanitilia sukari vijiko vinne. Niliinywa.

Jumatatu, 29 Novemba

Kurasa zimefika kwa daktari. Kampigia Connie simu mchana huohuo.

Alhamisi, 2 Desemba

Theluji kidogo, imeyeyuka. Ni uvimbe, kichwani, upande wa kushoto juu ya sikio. Watapasua Jumatatu. Connie alimuuliza daktari kama ungeonekana mwezi mmoja nyuma ingekuwaje. Daktari akasema ungekuwa mdogo. Connie kanieleza hayo mwenyewe, uso kwa uso, jikoni kwake, halafu kanishika. Ningependelea anipige.

Jumatatu, 6 Desemba

Saa nane kasoro wamemaliza. Yu hai.

Jumatano, 8 Desemba

Sura imekwenda kwa Bw. Lumb. Jina la Profesa liko mbele, la Prosser linafuata. Vihusishi vimeungana ukoo mmoja: vyenye nomino, vyenye sentensi, na visivyo na kitu. Nilichapa mwenyewe na sikugusa hata nukta. Emrys aliniomba niseme kama kuna mahali pamenikera. Nikamwambia pako. Akacheka, nami nikacheka, kidogo.

Nimekifumua kifuniko cha birika. Nitafuma kingine.

Jumanne, 14 Desemba

Hospitali. Wodi ina madirisha marefu na harufu ya kabichi. Profesa kakaa kitandani na kichwa cheupe cha bandeji, kakonda, macho yaleyale. Wameondoa walichoweza. Hawasemi kuhusu kesho.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yote kwa mpangilio. Nikasema nusu, nikashindwa. Akainua mkono kuninyamazisha. Kisha akaonyesha mfuko wangu. "Kanda," akasema.

Emrys alikuwa amenikabidhi kinasa sauti kidogo, nikiwa sijui nitafanya nacho nini. Nikamuuliza Profesa kama anaruhusu, kwanza, kabla ya kubonyeza kitu chochote. Akaitikia kwa kichwa kwamba anaruhusu, na nikaona tabasamu la mwalimu. Nikakiwasha, nikakiweka kwenye blanketi.

Nesi alipita na toroli. Nje mvua ilianza.

"Bi. Hinchliffe," akasema. Halafu: "Kaa… mimi."

Kati ya maneno hayo palikuwa na neno. Nililisikia likitafutwa. Karibu na mimi? Pamoja na mimi? Badala yangu, kwenye kile kiti cha ofisini? Baada yangu? Lolote kati ya hayo lingeweza kuwa, na mwezi uliopita ningelichagua mimi, ningelitia, ningelala usingizi. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka. Nikaifunga.

Nikavuta kiti, nikakaa.

Jioni nimepiga chapa kanda nyumbani, Mama akisinzia pembeni. Iko hivi, kama alivyosema: Bi. Hinchliffe. Kaa. Mimi. Nafasi nimeiacha.